Adui wa Van Damme

Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Aliyepungukiwa alitoa alichonacho akakaa chini, mbele kabisa, shingo kaiinua kama anayetafuta ndege angani. Kibanda umiza chetu pale Mji Mpya, Morogoro, kilikuwa cha mabati matupu, madirisha yamezibwa kwa magunia, na mabenchi yake yalikuwa na misumari iliyokwishachana kaptula za nusu ya shule yetu. Mbele kulikuwa na televisheni moja na deki yake. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa kaka mmoja aliyemaliza kidato cha nne, na yeye ndiye aliyetuambia wale watu wanasema nini.

Elimu yetu ya filamu ilikuwa fupi. Kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Adui lazima afe, ila akifa mapema umepunjwa hamsini yako.

Mwaka 1998, nikiwa darasa la tano, ikaletwa kanda ya Street Fighter, picha iliyotokana na gemu la video. Tulikwenda kwa ajili ya Van Damme. Picha ikiwa ya Van Damme hakuna mtoto wa kiume aliyebaki nyumbani. Tukatoka tunamwongelea adui.

Alivaa sare nyekundu, joho begani na kofia ya kijenerali kichwani. Uso ulikuwa umekonda mpaka mifupa ya mashavu inaonekana, na ndani ya uso huo kulikuwa na macho makubwa ajabu, macho ya mtu anayefurahia kila anachokisema. Aliitwa Bison. Alikuwa ameteka watu, anadai dola bilioni 20, na alikwishachapa fedha zenye sura yake mwenyewe. Dola moja ya Bison, alieleza, ingekuwa sawa na pauni tano za Uingereza. Kwa nini? Kwa sababu atamteka Malkia wao, na Benki ya Uingereza itakubali kiwango hicho. Alilisema hilo kama mhasibu anayesoma mahesabu ya mwaka. Tulicheka mpaka kaka wa kwenye kigoda akatunyamazisha.

Halafu ikaja sehemu ambayo sijaisahau. Binti mmoja, Chun-Li, amesimama mbele ya Bison anamweleza jinsi miaka ile alivyoingia kijijini kwao na watu wake, jinsi baba yake alivyosimama kumzuia, jinsi alivyouawa. Binti anasema kwa uchungu ambao hauhitaji mkalimani. Kibanda kimya. Bison anamsikiliza mpaka mwisho, na jibu lake linakuja kwa adabu, kwa upole kabisa: anasikitika, lakini hakumbuki chochote. Binti haamini masikio yake. Ndipo Bison anamweleza kwamba kwake yeye, siku ile Bison alipokitembelea kijiji chao ilikuwa siku kubwa kuliko zote maishani mwake. "Lakini kwangu mimi," akatafsiri kaka yetu, "ilikuwa Jumanne."

Kaka huyu alikuwa na desturi ya kutia chumvi. Adui akisema neno moja, yeye anatupa kumi, na matusi mawili juu. Siku hiyo hakuongeza hata nukta. Kibanda kikalipuka kwa vicheko, hasa kwa kuwa tulikuwa na mwenzetu mwenye jina hilohilo ambaye tangu siku ile hakuwa na amani hadi alipomaliza darasa la saba. Lakini usiku, nikiwa nimelala, kicheko kilikwisha nikabaki na maneno yenyewe. Mtu amemuulia mwenzake mzazi, na hana hata kumbukumbu yake. Sikuwa na umri wa kujua kwamba dunia ina watu wa namna hiyo, na kwamba wengi wao wanavaa sare. Niliyajua hayo kwa mara ya kwanza kutoka kwa adui wa Van Damme.

Naandika haya kwa sababu ya neno moja. Mwezi uliopita nilikaa na rafiki yangu anayefundisha sanaa za maonyesho, mtu anayeijua kazi yake na ninayemheshimu, tukawa tunataja waigizaji wakubwa. Nikamtaja Raul Julia, yule aliyecheza Bison. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Ndugu yangu, yule ni hasara tupu. Mtu wa Shakespeare anakuja kumalizia maisha kwenye picha ya gemu. Alijishusha."

Alijishusha. Nimekaa na neno hilo wiki tatu. Kila nikiligeuza naona limekosea, na si kosa dogo.

Rafiki yangu ana sababu ya kusikitika, na lazima niseme kwanza mtu huyu alikuwa nani. Raúl Juliá alizaliwa San Juan, Puerto Rico, tarehe 9 Machi 1940. Baba yake alikuwa na mkahawa. Akiwa mtoto wa miaka mitano tu, kwenye mchezo wa shule, alipewa nafasi ya shetani, akajibwaga chini akagaagaa jukwaani mpaka watu wakadhani amepatwa na kifafa. Kumbe ndiyo kwanza anaanza kazi. Miaka ya 1960 akahamia New York, kijana mwenye lafudhi ya Kihispania katika mji ambao waigizaji wa lafudhi hiyo walipewa nafasi za wauza unga na wapishi. Akaigiza mitaani, kwenye vitongoji vya maskini, na kundi lililopeleka michezo kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maonyesho. Kuna wakati alikwama kabisa, akampigia simu Joseph Papp, mwanzilishi wa tamasha la Shakespeare la New York, akamwomba kazi yoyote ile. Papp akampa kazi ya kusimamia ukumbi wakati wa mchezo wa Hamlet.

Huyo Papp anastahili aya yake, kwa sababu bila yeye humwelewi Julia. Papp aliamini kwamba Shakespeare ni haki ya kila mtu, kama maktaba. Alipambana na wakuu wa jiji ili maonyesho yake katika bustani ya Central Park yawe bure, na mpaka leo ni bure. Watu wanapanga foleni kutwa nzima. Hapo ndipo Julia alipokulia. Mwaka 1978 alicheza Petruchio wa Shakespeare pamoja na Meryl Streep. Mwaka 1979 alikuwa Othello. Kwenye kumbi za Broadway, ambako tiketi si za bure hata kidogo, aliteuliwa mara nne kuwania Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani. Mwaka 1985 akacheza mfungwa wa kisiasa katika Kiss of the Spider Woman. Mwenzake William Hurt akapata Oscar kwa filamu hiyo, na ukiitazama leo utaona Hurt asingefika popote bila mtu aliyekaa kitanda cha pili cha seli ile.

Kwa hiyo, naam, alikuwa mkubwa. Na Street Fighter ni filamu mbaya. Silitetei hilo. Wahusika wamejazana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, hadithi inakatika kila dakika kumi, na Van Damme anacheza kanali wa Kimarekani mwenye bendera ya Marekani begani na lafudhi ya Ubelgiji mdomoni. Wahakiki waliichana ilipotoka Desemba 1994, nami leo nikiwa mtu mzima siwezi kuwabishia. Ilitengenezwa kwa dola zipatazo milioni 35, ikaingiza karibu milioni 99. Hamsini zetu za Mji Mpya hazimo humo.

Miaka sita baada ya kile kibanda, nilikuwa kidato cha nne katika shule ya misheni. Jumapili moja ya Kwaresima sista akatukusanya bwaloni kutuonyesha filamu ya Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, yule aliyepigwa risasi tarehe 24 Machi 1980 akiadhimisha misa, na ambaye tangu 2018 ni mtakatifu. Filamu yenyewe, Romero, ilitoka 1989 na ilitengenezwa na kampuni ya mapadri. Wanafunzi wengi walisinzia mwanzoni. Askofu ni mtu wa vitabu, mpole, mwoga kidogo, anavaa miwani, anatembea kama anayeogopa kuiudhi sakafu.

Mimi sikusinzia. Kulikuwa na kitu katika sauti.

Kisha ikaja sehemu ya kanisa la Aguilares. Jeshi limelifanya kanisa kuwa kambi. Romero anaingia kuchukua Ekaristi, na askari mmoja, badala ya kumjibu, anageuza bunduki anaifyatulia altare, tabenakulo inasambaratika, hostia zinamwagika chini. Askofu anatoka nje. Unadhani amekwisha. Halafu anarudi, peke yake, anapiga magoti anaanza kuziokota hostia moja moja, na askari anamimina risasi juu ya kichwa chake. Mikono inamtetemeka. Anaendelea kuokota. Ndipo alipoinua uso, nikayaona yale macho.

"Sista, huyu si adui wa Van Damme?"

Bwalo likacheka. Sista hakucheka, aliniambia ninyamaze, hapo ni mahali patakatifu. Lakini nilikuwa sahihi. Mikono iliyokuwa inaokota mwili wa Kristo chini ya risasi ndiyo ile iliyokuwa ndani ya glavu za Bison. Mtu aliyenifundisha jinsi mwuaji anavyosahau ndiye aliyekuwa ananifundisha jinsi mwoga anavyopata ujasiri. Na ninachotaka rafiki yangu mwalimu akielewe ni hiki: nilimfikia Romero kwa kupitia Bison. Bila kile kibanda, siku ile bwaloni ningelala kama wenzangu.

Watu wanapomtetea mwigizaji wa namna hii, huwa wanakimbilia fedha. Mwigizaji naye ana kodi ya nyumba, ana ada za watoto. Michael Caine ndiye bingwa wa utetezi huo. Alicheza katika Jaws ya nne, filamu mbovu ya samaki papa, na alipoulizwa baadaye akasema hajawahi kuiona ila nyumba iliyojengwa kwa fedha zake ameiona, ni nzuri sana. Ni jibu la mtu mkweli, nami simlaumu. Ila ukilisikiliza vizuri, lina maana kwamba kuna kazi ya moyo na kuna kazi ya tumbo, na mtazamaji wa ile ya tumbo shauri yake.

Raul Julia hakufanya kazi hivyo, na ushahidi uko kwenye kanda.

Kuna kitu ambacho mwigizaji mkubwa hukifanya akijikuta ndani ya filamu ndogo. Hukonyeza. Si lazima kwa jicho. Anaweza kukonyeza kwa bega, kwa pumzi, kwa namna ya kulitamka neno kama anayelishika kwa ncha za vidole. Anawaambia wajuzi waliokaa nyuma: mimi na nyinyi tunaelewana, hili ni pato tu. Umewaona wengi. Ukishakonyezwa, picha imekufa. Na sisi tuliokuja na hamsini zetu, tulioingia tukiwa tayari kuamini, tunabaki kama wageni walioalikwa arusi ambayo bwana arusi mwenyewe anaicheka.

Mtafute Bison akikonyeza. Nimerudia filamu ile mara nyingi kuliko inavyostahili, na sijaiona sekunde hiyo. Anapozungumzia amani atakayoiletea dunia baada ya kuishinda, anaamini. Analipenda joho lake. Anapokumbushwa aliowaua, anatafuta kwa dhati akilini mwake, hazipati sura zao, anasikitika kidogo kwa ajili ya binti. Hapo ndipo Jumanne ilipopata sumu yake. Maneno yale angeyasema mwigizaji mwingine kwa kunguruma, yangekuwa tambo za adui wa kawaida, tungezomea tukasahau. Julia aliyasema kama mtu anayesahihisha kosa dogo la tarehe. Ule ni ufundi wa Othello na Petruchio, umeletwa mzima mzima, haukupunguzwa hata kidogo kwa sababu ya anayeupokea.

Mtu aliyeanza kwa kuigiza mitaani kwa watu wasio na tiketi anajua kwamba mtazamaji wa bure si mtazamaji wa bei rahisi.

Sababu yake ya kuikubali nafasi ile inajulikana. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, wadogo, na walilipenda gemu la Street Fighter. Baba yao alikuwa bingwa wa vitu ambavyo wao hawangeweza kuvitazama: wafungwa wanaoteswa, maaskofu wanaouawa. Basi akacheza kitu chao. Waliomfahamu wanasema watoto ndio waliomsaidia kujiandaa. Sijui kama kuna mhakiki mgumu zaidi ya mtoto anayelijua gemu. Ukimdanganya kwa sekunde moja, anainuka anakwenda kucheza nje.

Na alikuwa anaumwa. Hilo sisi kule kibandani hatukulijua; ule ukondefu tulidhani ni ubaya wa adui. Alikuwa na saratani ya tumbo, na hakupenda itangazwe. Mwanzoni mwa 1994 alikuwa Mexico akicheza Chico Mendes, mgema mpira wa Brazil aliyeutetea msitu wa Amazon na kuuawa kwa ajili hiyo Desemba 1988. Kutoka kwenye kazi hiyo, mwili ukiwa umechoka vibaya, akaenda Thailand kuvaa sare ya Bison. Ratiba ilibidi ipangwe upya apate kurudisha mwili kidogo. Fikiria mwaka huo mmoja: mtu anayejua ana ugonjwa gani anamcheza aliyeuawa, kisha anamcheza mwuaji, na wote wawili anawapa kila alichobakiwa nacho. Alipata kiharusi mwezi Oktoba, akafariki tarehe 24, na umri wake ulikuwa miaka 54. Puerto Rico ilimpa mazishi ya kitaifa na maelfu wakamsindikiza. Kwa Mendes walimpa tuzo za Emmy na Golden Globe akiwa kaburini. Kwa Bison hakupata tuzo, alipata sisi.

Rafiki yangu akisema Julia alijishusha, nauliza: alishuka akafika wapi? Huko chini ni kwa nani? Neno lenyewe linahitaji kuwe na ghorofa, watu fulani juu na watu fulani chini, na sanaa ikiteremka ngazi inachafuka viatu. Huko chini ni Mji Mpya. Ni mimi niliyekaa mbele kabisa siku nilipokuwa na shilingi 30. Othello wake wa Central Park ulikuwa bure, lakini ulikuwa bure New York. Broadway haikuja Morogoro. Romero ilikuja kwa sababu sista mmoja alikuwa na kanda. Kitu pekee cha Raul Julia kilichotufikia chenyewe, kwa miguu yake, bila mwalimu wala mlezi wa kutuletea, ni picha ile mbaya. Angeikataa ili kulinda heshima yake, heshima ingebaki salama kabisa, na sisi tusingemwona.

Tunafanya vivyo hivyo nyumbani. Marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alicheza vichekesho vingi mno, vingine vya haraka, vya kamera moja na sebule moja, na niliwahi kuwasikia wasomi wetu wakisema kipaji kile kimepotezwa kwenye filamu za mtaani. Alipofariki Agosti 2018 nilikuwa kwenye basi la Dar. Kondakta ndiye aliyetangaza. Kina mama watatu nyuma yangu wakaanza kusimulia kila mmoja kichekesho chake, wanacheka huku wanafuta machozi, kutoka Chalinze mpaka Kibaha. Kipaji kilichopotea hakililiwi hivyo.

Nilimwambia rafiki yangu haya yote, si kwa mpangilio huu. Hakukubali. Anashikilia kwamba ipo kazi inayomkuza msanii na ipo inayomla, na kwamba kijana anayemfundisha hawezi kumwambia akubali kila kitu. Hapo ana haki, sikubishana naye. Nilimwomba kitu kimoja tu, aitazame upya ile sehemu ya Jumanne, sauti ikiwa juu, bila kuangalia simu.

Mimi niliitazama tena mwezi huu, nyumbani, pamoja na mwanangu wa kiume. Ana miaka tisa. Alicheka palepale tulipocheka sisi, kwenye pauni tano za Malkia. Kwenye Jumanne hakucheka, aliniuliza, "Baba, hamkumbuki kweli?" Nikamwambia kweli, hamkumbuki.

Pale kibandani, steringi akishashinda kaka wa kwenye kigoda alikuwa anabonyeza deki mara moja, kanda inatolewa, foleni ya picha inayofuata iko nje inagonga mabati. Majina ya mwisho hatukuyaona hata siku moja, ya filamu yoyote. Safari hii tuliiacha iende. Mwishoni kuna maneno machache waliyoyaweka wenzake, kwa sababu filamu ilitoka miezi miwili baada ya kifo chake: kwa Raul, kisha kwa Kihispania, lugha ya kwao, nenda na Mungu.

Mwanangu akauliza Raul ni nani. Nikamwambia, ni yule adui.